Mfongo Mkavu Hunywa Kwanza: Simu ya Mkononi na Umakini wa Mwanafunzi

Mtu anayepanda kwa miguu kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi hukutana mara kwa mara na mifongo, yaani ile mifereji ya maji ambayo Wachagga waliichimba ubavuni mwa mlima kabla ya kuja kwa Wajerumani. Maji huchepushwa mtoni kwenye banio la mawe, matawi na udongo, hufuata ukingo wa mlima kwa mteremko mdogo sana, na hatimaye hugawanywa katika vihamba kwa zamu. Ugawaji huo una wazee wake na kanuni zake. Mwenye zamu hufungua maji yaingie kwake. Wakati wake ukiisha hufunga, naye jirani hufungua. Asiyejitokeza siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini.

Katika kanuni hizo limo jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia atalitambua upesi. Zamu ya maji haikatwi vipande vidogo vidogo. Sababu yake si ukarimu. Maji yanapoelekezwa katika mchirizi uliokauka hayafiki shambani papo hapo: udongo wa mchirizi hunywa kwanza, nyufa hujaa, na ndipo maji yanapoanza safari. Tuseme mchirizi fulani huhitaji dakika 20 ili ulowe. Mwenye zamu ya saa 4 hupoteza dakika hizo 20 mara moja tu. Lakini saa 4 hizohizo zikikatwa kuwa zamu 12 za dakika 20, na mchirizi ukiachwa ukauke kila baada ya zamu, migomba ya mwisho wa kihamba haitapata hata tone. Maji ni yaleyale na saa ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya mara za kufungua na kufunga.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba akili ya binadamu hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Tumezoea kulalamika kwamba simu ya mkononi na mtandao wa intaneti vinakula saa za vijana, na pengine saa za walimu wao vilevile. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini yanahesabu kitu kisicho chenyewe. Mwanafunzi akitoa daftari lake saa 1 usiku na kulifunga saa 4, na katikati akasoma jumbe kumi ambazo kila mmoja ulimchukua nusu dakika, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba alipoteza dakika 5. Hasemi uongo. Ila amehesabu maji yaliyoingia kwa jirani, akasahau yale yaliyonywewa na udongo.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kifaa chochote isipokuwa karatasi, kalamu na saa yenye mshale wa sekunde. Kila mwanafunzi achore mistari miwili. Kwanza, aandike katika mstari wa juu herufi za maneno MLIMA KILIMANJARO, ambazo jumla yake ni 16. Akimaliza, aandike katika mstari wa chini tarakimu 1 hadi 16. Muda wote upimwe. Kisha arudie kazi ileile kwa kupishanisha: M juu, 1 chini, L juu, 2 chini, I juu, 3 chini, na kuendelea hadi mwisho. Herufi hazikuongezeka, wala tarakimu. Hata hivyo wengi watachukua muda mrefu zaidi mara ya pili, baadhi watakosea, na wachache watasimama katikati ya neno Kilimanjaro wakijiuliza walikuwa wamefika wapi. Nimewahi kulifanya jaribio hili mbele ya wahadhiri wenzangu, nao hawakupona.

Uchunguzi wa kisayansi wa jambo hili una umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1927 Arthur Jersild, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa watu orodha za kazi ndogo ndogo za hesabu na maneno, akalinganisha muda wa kufanya kazi ya aina moja mfululizo na muda wa kupishanisha kazi za aina mbili. Aligundua kwamba kupishanisha kunaweza kuchelewesha kazi kwa kiasi kikubwa, hasa pale ambapo mambo yenyewe hayaonyeshi wazi ni kanuni ipi itumike. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walilirudia swali hilo kwa vipimo vya kisasa. Waliwapa watu nafasi ya kujiandaa kabla ya kila badiliko, na badiliko lenyewe lilijulikana mapema. Kujiandaa kulipunguza ucheleweshaji lakini hakukuumaliza. Yaani hata anayejua kwamba sasa anahama, na aliyepewa wasaa wa kujiweka tayari, bado hulipa ushuru wa kuhama.

Ushuru huo unatokana na nini? Akili inapofanya kazi ngumu huwa imeshika mambo kadhaa kwa pamoja katika kumbukumbu ya muda mfupi, na nafasi ya kumbukumbu hiyo ni finyu mno. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba ina nafasi ya mambo 7 hivi; mwaka 2001 Nelson Cowan, baada ya kupitia ushahidi mwingi uliokusanywa tangu hapo, alipunguza kadirio hilo hadi karibu 4. Mfikirie mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayetafuta vigawo vya x² + 5x − 14. Ameshika akilini kwamba zao la namba mbili liwe −14. Kwamba jumla yake iwe 5. Kwamba moja lazima iwe hasi. Na kwamba tayari amejaribu 14 na −1 zikakataa. Hayo ni mambo manne, na nafasi imejaa. Hapo simu inalia. Mjomba anauliza kama mahindi ya shamba la chini yamekwisha kupukuchuliwa. Swali hilo nalo lina mambo yake: magunia mangapi, yapo kwa nani, gari litapatikana lini. Ili yaingie, yale manne ya kwanza lazima yatoke. Mwanafunzi anapoirudia hesabu yake haendelei na 7 na −2. Anaanza tena kusoma swali.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliongeza jambo ambalo mfano wa mfongo pekee haulionyeshi vizuri. Katika majaribio yake, watu waliokatishwa kazi moja na kupewa nyingine waliendelea kubaki na sehemu ya fikira katika ile ya kwanza, na kwa sababu hiyo waliifanya ya pili vibaya zaidi. Aliyaita hayo masalia ya umakini. Masalia huwa mengi zaidi kazi ya kwanza inapoachwa haijaisha. Sasa, ujumbe wa simu kwa kawaida ni kazi isiyoisha: umeusoma, hukuujibu, au umejibu na unangoja jibu la jibu. Basi mwanafunzi huyu hapotezi kitu mara moja tu anapoiacha hesabu kwenda kwenye simu. Anaporudi kwenye hesabu anapoteza tena, kwani mjomba na magunia yake amekuja naye.

Wapo watakaosema kwamba wao huisikia kengele ya simu lakini hawaishiki, kwa hiyo hawamo katika hesabu hii. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Florida State waliwapa wanafunzi kazi inayodai umakini mfululizo, huku simu za baadhi yao zikipigiwa au kutumiwa ujumbe bila wao kuzigusa. Makosa yaliongezeka. Kuisikia arifa tu kulitosha kuipeleka akili mahali pengine kujiuliza ni nani na anataka nini. Mwaka 2017 watafiti wengine, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, walikwenda mbali zaidi. Walidai kwamba hata simu iliyonyamazishwa, ikiwekwa mezani mbele ya mwenyewe, humpunguzia uwezo kuliko ikiwa katika chumba kingine. Hapa sina budi kumtahadharisha msomaji. Jaribio hili la pili limevuma sana magazetini, lakini baadhi ya waliolirudia hawakuyapata matokeo hayo. La kengele lina msingi imara zaidi, maana linakubaliana na mengine mengi tunayoyajua kuhusu umakini.

Isidhaniwe kwamba binadamu hawezi kabisa kufanya mambo mawili. Utingo wa gari la Moshi–Himo huita abiria, hupokea nauli, hurudisha chenji na kugonga bati kumwashiria dereva, yote ndani ya dakika moja. Mama hukatua ndizi za mtori huku akisikiliza taarifa ya habari. Hilo huwezekana kwa sababu kazi moja, au zote mbili, zimezoeleka kiasi kwamba haziombi tena ile nafasi finyu niliyoitaja. Mwulize utingo huyohuyo 17 mara 23 wakati anahesabu chenji, utaona. Kusoma kitu kipya, kwa ufafanuzi wake, ni kazi ambayo haijazoeleka.

Basi kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua kwamba mtihani wake ni mwezi wa Novemba, huichukua simu hata pale isipolia? Jibu lilipatikana kwa njiwa. Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka mingi ambamo njiwa walidonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyepewa chakula kila baada ya idadi maalumu ya kudonoa alipumzika kidogo kila alipokipata. Lakini yule aliyepewa baada ya idadi isiyotabirika, mara tatu, mara thelathini, mara kumi, alidonoa upesi, bila kupumzika, na aliendelea kwa muda mrefu hata chakula kilipokoma. Wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu wanalijua hili bila kumsoma Skinner. Kama kila mshipi ungetoa perege, mtu angevua wa kutosha akaenda nyumbani. Ni ule mshipi unaotoka mtupu mara nane na kuja na samaki mara ya tisa unaomfanya aseme, ngoja nitupe mara moja tu tena.

Simu ni mshipi wa namna hiyo. Mara nyingi unapoifungua hukuti kitu. Mara moja moja unakuta habari njema ya rafiki. Aidha, wenye mitandao ya kijamii hawakuliacha jambo hili lijiendeshe lenyewe. Biashara yao ni kuuza matangazo, na tangazo huhitaji mtazamaji anayebaki. Mwaka 2006 mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao unapofika chini hujiongeza wenyewe. Kitabu kina mwisho wa sura, na gazeti lina ukurasa wa nyuma. Hayo ni mapumziko madogo ambamo msomaji hujiuliza kama aendelee. Ukurasa usio na mwisho uliliondoa swali hilo. Raskin mwenyewe baadaye alieleza hadharani majuto yake. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alikuwa ameliona jambo hili tangu mwaka 1971 alipoeleza kwamba habari nazo hula kitu, na chakula chake ni umakini wa wanaozipokea. Zikizidi, umakini huadimika.

Kiasi gani? Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alianza mwaka 2004 kuwafuata wafanyakazi wa ofisini akiwa na saa ya kupimia. Wakati huo mtu alikaa kwenye kiwambo kimoja kwa wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia kingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni, vilivyofanywa na kompyuta yenyewe, wastani huo ulishuka hadi sekunde 47 hivi. Hao ni watu wazima walio kazini na wanaolipwa mshahara.

Nirejee nyumbani. Shule nyingi za sekondari nchini haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sina ugomvi na kanuni hiyo. Lakini tutazame inavyofanya kazi kwa mwanafunzi wa bweni. Kwa miezi mitatu banio limefungwa kabisa. Ikija likizo linafunguliwa lote, mchana na usiku. Kisha linafungwa tena. Hakuna mahali popote katika miaka sita ya sekondari ambapo kijana huyu amejifunza zamu. Baada ya Kidato cha Sita huingia chuoni, ambako hakuna wa kumfungia. Hao ndio ninaowapokea kila mwaka. Wengine walikuwa wa kwanza katika shule zao. Kufikia katikati ya muhula wa kwanza baadhi yao huja ofisini wakisema kwamba wanakaa na kitabu saa 5 na hakuna kinachoingia, nao huamini kwa dhati kwamba akili zao zimeharibika au kwamba hawakustahili kuchaguliwa. Nimemwona mmoja akilia. Alikuwa na uwezo wote. Alichokosa ni saa moja isiyokatwa.

Walimu nao wana shida yao, ambayo ni ya heshima zaidi. Mwalimu wa kawaida wa mkoa huu yumo katika kundi la WhatsApp la shule, la wazazi, la ukoo, la jumuiya ya kanisa au msikiti, la waliosoma pamoja, na nyakati zote walau katika makundi mawili ya michango ya harusi. Haya si upuuzi. Ni humo anamopata habari za msiba, na asiyeonekana msibani atakuja kuonekana alivyo siku yake itakapofika. Pengine ana mgonjwa KCMC, au mzazi mzee peke yake huko juu kihambani. Kumwambia mtu kama huyo azime simu ni kumwambia aache kuwa mtu.

Na utafiti hausemi azime. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wiki mbili lililofanywa India, kwa watumiaji wa kawaida wa simu. Kundi moja liliendelea kupokea arifa kama kawaida. Jingine halikupokea arifa kabisa. Jingine lilizipokea zikiwa zimefungwa pamoja, mara tatu kwa siku. Waliozipokea mara tatu walijiona wenye umakini zaidi, wenye kumaliza kazi zaidi na wenye utulivu zaidi kuliko waliozipokea kama kawaida. Waliozimiwa kabisa hawakupata faida hiyo. Waliongezewa wasiwasi wa kupitwa na mambo. Nilipousoma utafiti huo kwa mara ya kwanza nilicheka, maana wazee wa mfongo hawakupata kufunga maji milele wala kuyaacha wazi milele.

Zamu katika maisha ya kila siku inaweza kupangwa hivi. Jumbe zisomwe nyakati zilizowekwa, kwa mfano kabla ya kazi, saa ya chakula cha mchana, na jioni. Arifa zake zizimwe nyakati nyingine zote. Kengele ya kupigiwa iachwe wazi, na ndugu waambiwe: jambo la haraka pigeni, lisilo la haraka andikeni. Watu huelewa upesi kuliko tunavyodhani. Wakati wa kusoma, simu ikae chumba kingine kwa yule mwenye chumba kingine. Asiye nacho amkabidhi mtu. Zamu ya kusoma isiwe chini ya dakika 40 kwa somo moja. Kiwango hicho nakitoa kwa uzoefu wangu, si kwa jaribio lolote, na mwenye somo gumu atahitaji zaidi. Huku kwetu jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na mwanafunzi wa kutwa aliyekwisha teka maji na kukata majani ya ng'ombe ana zamu mbili tu kabla ya usingizi. Ndiyo maana kukatwa kwake humwumiza zaidi kuliko mtoto wa mjini mwenye mchana mrefu wa kuchezea.

Kuna chombo kingine cha mfongo ambacho kinafaa kuazimwa, nacho ni nduwa, lile bwawa dogo la kukusanyia maji yanayotiririka usiku ili yatumike mchana. Mtu anaposoma, mambo humjia bila simu kulia: sijamjibu fulani, ada haijalipwa, nani alishinda jana. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilotimizwa huingilia kusoma, lakini mtu akiandika mpango maalumu wa lini na vipi atalitimiza, huacha kumsumbua ingawa bado hajalifanya. Basi iwepo karatasi pembeni. Kila linalokuja liandikwe humo pamoja na saa yake, likusanyike kama maji ya nduwa. Karatasi hiyohiyo itumike pia pale ambapo kukatishwa hakuepukiki, mgeni amebisha hodi au mzazi ameita: kabla ya kuinuka, mwanafunzi aandike neno moja juu ya alipofika na hatua inayofuata. Leroy, pamoja na Theresa Glomb, aliupima utaratibu huo katika utafiti uliotoka mwaka 2018, na masalia yalipungua. Katika hesabu yetu ya awali ingetosha kuandika: "14 na −1 hapana, jaribu 7."

Sehemu kubwa ya majaribio niliyoyataja ilifanywa kwa wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Hakuna lililofanywa Mwika wala Rombo. Kwa hiyo ningependa walimu wa hesabu na wa sayansi walipime jambo hili wenyewe. Yaandaliwe maswali 20 yenye ugumu sawa, yagawanywe seti mbili za maswali 10. Nusu ya darasa wafanye seti A bila kukatishwa na seti B wakikatishwa. Nusu nyingine kinyume chake, ili ugumu wa seti usichanganywe na athari ya kukatishwa. Kukatishwa kuwe kwa namna moja kwa wote: kila baada ya dakika 3 mwalimu asome kwa sauti ujumbe mfupi, nao waandike jibu la sentensi moja. Muda wa kuandika majibu hayo uandikwe kando na utolewe katika jumla. Kinachobaki baada ya kuutoa, kikilinganishwa na muda wa seti isiyokatishwa, ndicho kiasi kilichonywewa na udongo.